Kanuni ya mililita 100 za vimiminika begi la mkononi: viwanja vya ndege vya JNIA (Dar) na JKIA (Nairobi) viifute au vibaki nayo?

Nahodha wa Mkokoteni
Wakuu, tuliweke mezani. Edinburgh tangu Julai 2025 abiria anapita ukaguzi na chupa ya hadi lita mbili ndani ya begi la mkononi, hatoi kitu, hafungui zipu. Birmingham vilevile. Huku kwetu bado ni kile kimfuko cha lita moja na vichupa vya mililita 100. Losheni inatupwa kwenye pipa, ukivuka tu unakuta duka linauza losheni ileile kwa bei ya kuchuna ngozi. Mwenye kadi ya launji, ule ukumbi wa kupumzikia abiria, naye anaoga humo ndani, shampuu imejaa ukutani. Tangu mabomu ya London 2005 tunaambiwa ni usalama. Mimi naona ni mradi wa wauza maji. Ifutwe.

Skana ya Pembeni
Kwanza si 2005. Ni Agosti 2006, Uingereza, njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya maji ndani ya chupa za vinywaji. Siku za mwanzo vimiminika vilizuiwa karibu vyote, halafu Marekani ikalegeza kwa mililita 100 mwezi Septemba, Ulaya ikafuata Novemba mwaka huohuo.

Pili, Edinburgh hawakuamka asubuhi wakafuta kanuni. Walibadilisha mashine. Ile ya zamani inapiga picha ya upande mmoja au miwili, kila kitu cha asili ya kaboni kinatoka rangi ya chungwa, na maji na kilipuzi cha maji vinafanana. Mashine mpya inazunguka begi zima kama ile ya hospitali ya kupiga picha kichwa, inapima uzito wa kila kipande kulingana na ukubwa wake. Ni mashine nzito kiasi kwamba baadhi ya viwanja vya Uingereza vilibidi viimarishe sakafu kwanza. Na hata hizo hazikuaminiwa moja kwa moja: tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya uliwarudisha kwenye mililita 100 hata waliokuwa wamekwisha kuzifunga, hadi Julai 2025 aina fulani ikaidhinishwa kwa chupa kubwa.

Kwa hiyo "ifutwe" ni maneno ya kijiweni. Anayelia losheni yake kutupwa ni mtu asiyejua kusoma namba nyuma ya chupa.

Mwana wa Forodhani
Yote sawa, lakini hapo mwisho umewatukana watu, mkuu. Hiyo namba unayotuambia tuisome mara nyingi haipo. Dawa nyingi za meno zimeandikwa gramu. Dawa ya meno ni nzito kuliko maji, tyubu ya gramu 120 kwa kawaida haifiki mililita 100, lakini mkaguzi akiona 120 hapigi hesabu, anatupa. Mafuta ya mgando nayo makopo mengine gramu, mengine mililita, kampuni moja hiyohiyo. Hapo msomi wa namba utamsaidiaje abiria?

Na usiniambie ni vipodozi tu. Siku hizi hata halua inazuiwa. Halua! Chakula cha kufungia kahawa.

Skana ya Pembeni
Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye vijiko viwili inatupwa, hata ikiwa imekauka nusu. Hilo ndilo kosa namba moja, na hilo halina gramu.

Kikapu cha Ukindu
Ngoja kwanza, halua inazuiwa wapi? Halua si maji wala losheni. Inakatwa kwa kisu.

Mama Kifuko
Mwanangu, inategemea halua gani. Ile ya ufuta ya Waturuki ni kavu, inavunjika kama biskuti, hiyo haina shida. Yetu ya wanga, sukari, samli na iliki, ya Zanzibar na ya Maskati, ukitikisa kikapu inacheza. Kanuni haisemi vimiminika peke yake. Inasema vimiminika, jeli, krimu na vitu vya kupaka, ndiyo maana asali, jamu na siagi ya karanga zote zinakamatwa. Kinachocheza, kinachopakika, kinachomwagika ukikipindua, kihesabu ndani ya mililita 100.

Kikapu cha Ukindu
Halua haimwagiki ukiipindua, bibie. Pindua uone. Ikimwagika, aliyeipika hakuisonga vya kutosha, ailaumu mwiko wake.

Mama Kifuko
Halua nzuri inashika, nakubaliana. Lakini mkaguzi hakai na mwiko. Anaangalia skrini, anaona bonge zito la rangi ya chungwa halina nafasi ya hewa ndani. Jibini, chokoleti ya bonge na halua vyote vinatoka hivyo, na kila bonge la namna hiyo begi linavutwa pembeni. Hata likiruhusiwa mwishowe, umeshapoteza robo saa na kikapu kimefunguliwa na mtu mwenye glavu. Weka kwenye begi la chini. Kikapu ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kopo gumu, nguo pande zote.

Nyayo za Kilindini
Mimi nashangaa watu wa bara kutufundisha halua. Hata hivyo Mama Kifuko yuko sahihi. Unayetaka kubeba mkononi, nunua Maskati uwanjani baada ya ukaguzi. Tatizo linaanza ukiunganisha ndege sehemu wanakokagua upya.

Mama Kifuko
Nani wa bara? Nimezaliwa Pangani.

Nahodha wa Mkokoteni
Jamani, halua kando. Mbona launji zinaingiza madumu ya shampuu ya lita tano wakati mimi natupiwa mililita 150? Nijibuni hilo. Dumu halilipuki?

Skana ya Pembeni
Dumu halipiti mlango wako. Bidhaa za maduka na launji zinaingia kama shehena ya uwanja: ama zinakaguliwa zote mlango wa mizigo, ama zinatoka kwa msambazaji aliyesajiliwa, ghala lake linakaguliwa, gari linafungwa lakiri, na lakiri isipolingana na hati mzigo haushuki. Msambazaji anajulikana kwa jina na anwani, anaweza kufungiwa. Wewe abiria unapita mara moja. Ndiyo tofauti.

Mama Kifuko
Na hiyo shampuu ya ukutani watu wasiitamani sana. Kifaa cha ukutani kiko cha aina mbili. Kuna kile kinachopokea mfuko uliofungwa kiwandani, ukiisha unatolewa na pua yake, unaingizwa mwingine. Kuna kile cha kufungua kifuniko na kumiminia kutoka kwenye dumu. Hicho cha pili kikijazwa juu ya mabaki, bila kuoshwa na kukaushwa, bakteria wanajenga humohumo ndani ya sabuni. Utakitambua: mdomo una ukoko, na rangi ya sabuni haifanani vyumba viwili vilivyo jirani. Launji iliyoondoa vichupa vidogo kwa ajili ya mazingira ikaweka hiki cha kumiminia, imepunguza plastiki lakini imeongeza kazi ya kuosha, na kazi hiyo mara nyingi haina mwenyewe. Omba kipande cha sabuni kilichofungwa.

Kikapu cha Ukindu
Kwa hiyo plastiki ni nzuri sasa? Nchi imepiga marufuku mifuko, halafu uwanja wa ndege unadai kifuko cha plastiki. Mnaona kichekesho?

Mama Kifuko
Soma vizuri. Tanzania ilipozuia mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, vifuko vya zipu vya kubebea vipodozi uwanjani viliachwa, kwa sharti kwamba msafiri anaondoka navyo, havitupwi nchini. Kilichozuiwa ni mfuko wa kubebea bidhaa. Kifuko kiwe kinaonyesha ndani, sentimita 20 kwa 20 hivi, kifunge bila kulazimisha. Kikigoma kufunga kimekataliwa, hata kama kila chupa ni mililita 30.

Mwana wa Forodhani
Mnaona? Tumeanza na haki ya abiria, tumeishia kupimiwa vifuko kwa rula.

Wazee wetu walikuwa na jibu na hawakujua. Shabu ya kwapani: jiwe, halipimwi mililita. Sabuni ya kipande. Mswaki wa mti. Liwa kavu, unailowesha ukifika. Karafuu mbili mdomoni badala ya ile dawa ya kusukutua. Nyote mnaogombania losheni mngeziweka hizi begini, mjadala huu usingekuwepo.

Skana ya Pembeni
Ila kwa ndege ya kwenda Marekani, angalia unga. Tangu Juni 2018 unga wowote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unakaguliwa kivyake, na ukishindikana kutambulika haupandi. Hapo liwa, hina, bizari na unga wa lishe vyote ni unga. Nairobi kwenda New York hilo linakuhusu.

Mwana wa Forodhani
Mililita 350 za liwa utampaka nani, timu nzima?

Nyayo za Kilindini
Mnagombana juu ya kinachopita, hakuna anayesema kinachomwagika. Ndani ya ndege msukumo wa hewa ni kama uko mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Hewa iliyofungwa Dar au Mombasa inatanuka karibu theluthi. Chupa iliyojaa nusu ina hewa nusu, hewa hiyo inasukuma losheni nje kupitia uzi wa kifuniko. Na tumbo la ndege lina msukumo uleule, usidhani begi la chini linaokoa.

Dawa yake ni hii. Chupa laini: iminye mpaka losheni ifike mdomoni, funga ikiwa imeminywa, itabaki imebonyea, ikifika juu inajirudisha. Chupa ngumu: jaza mpaka shingoni, usiache hewa. Fungua kifuniko, tandika kipande cha nailoni juu ya mdomo, funga juu yake. Pampu geuza ifunge au ing'oe kabisa uweke kifuniko bapa. Dawa ya kwapani ya kijipira isimame wima, ukiilaza kijipira kinatema. Na ukifunga chupa Nairobi, mita 1,600 na zaidi, ukiteremka Mombasa utaikuta imefinyika. Hiyo haijaharibika.

Kikapu cha Ukindu
Huyu sasa anaongea. Na pafyumu za kupuliza begi la chini?

Nyayo za Kilindini
Zinaruhusiwa, lakini kila kopo lisizidi nusu lita au nusu kilo, na vyote kwa jumla, pamoja na dawa za matibabu za kupuliza, visizidi lita mbili au kilo mbili kwa mtu. Kifuniko kiwepo juu ya kitufe. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani si kipodozi, haimo kwenye hesabu hiyo, iache nyumbani.

Nahodha wa Mkokoteni
Sawa, lakini turudi kwenye hoja. Mimi nimesema tangu mwanzo kwamba tatizo ni bei ya maji baada ya ukaguzi, na kila geti liwe na bomba la kujaza chupa tupu bure.

Skana ya Pembeni
Hukusema hivyo. Ulisema ifutwe, iko hapo juu.

Nahodha wa Mkokoteni
Nimesema wauza maji. Maji na bomba ni kitu kimoja. Chupa tupu inapita ukaguzi, hilo huwezi kulipinga, sasa ndani ikajazwe wapi, kwenye sinki la choo?

Mama Kifuko
Bomba nakuunga mkono. Hilo halihitaji mashine mpya wala sakafu ya zege, ni fundi bomba na kichujio kinachobadilishwa kwa ratiba.

Nyayo za Kilindini
Kwa wanaopitia Marekani wakiwa na manukato ya duka la bila ushuru: yabaki kwenye mfuko wa muhuri wenye mpaka mwekundu, risiti ionekane ndani, isizidi saa 48. Lakini kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia huko, wewe mwenyewe unachukua begi lako la chini, unapita forodha, unalirudisha. Hapohapo tumbukiza chupa ndani ya begi hilo kabla hujalikabidhi tena. Wengi wanaikumbuka wakiwa mbele ya mashine, begi limeshakwenda.

Mpita Njia
Samahani wakuu, sijasoma kurasa zote. Maji ya lenzi chupa ya mililita 360 na maziwa ya mtoto? Na Zamzam?

Mama Kifuko
Maziwa ya mtoto na dawa unazohitaji safarini vinaruhusiwa zaidi ya mililita 100. Usivifiche ndani ya kifuko, vitoe, vitangaze kabla begi halijaingia kwenye mashine, na dawa iwe na lebo yenye jina lako. Wanaweza kuvipima kwa kikaratasi cha kutambua vilipuzi, wasubiri. Maji ya lenzi usiyategemee, baadhi ya wakaguzi wanayahesabu kama dawa, wengine kama kipodozi. Nunua chupa ya safari ya mililita 100 na kubwa ikae begi la chini. Zamzam mkononi hapana. Mashirika mengi yanayotoka Jeddah yanapokea boksi moja la kiwanda la lita tano kwa kila abiria, linapita kaunta kama mzigo wa peke yake. Usimiminie kwenye chupa zako ukazichanganya na nguo.

Kikapu cha Ukindu
Na kwenye boksi la Zamzam halua haiingii pembeni?

Mama Kifuko
Kikapu, boksi limefungwa kiwandani. Lala.