Baba kalazwa na korona, sasa wanasema figo. Nisaini asafishwe damu au nimtoe?

Binti Fundi, Agosti 2021
Wakuu, naombeni ushauri, siku ya tatu sijalala. Mzee wangu ana miaka 61, yuko wodini siku ya tisa. Tulifika oksijeni ikiwa 78, sasa ni 91 akiwa na barakoa ya oksijeni. Tukaanza kushukuru. Jana daktari kaniita: kreatinini, kipimo cha figo, imepanda hadi 640, mkojo wa kutwa nzima haujazi kikombe, mweusi kama chai ya rangi iliyolala. Wanataka nisaini awekewe mpira shingoni. Korona si ya mapafu? Na ni kweli ukianza kusafishwa damu huachi maisha?

Mkulima wa Mbarali
Pole. Mzee alichanja? Rais Samia mwenyewe kachanjwa hadharani tarehe 28 Julai, lakini watu bado mnasubiri.

Binti Fundi
Chanjo ndiyo kwanza zimefika, mkuu. Sijauliza hilo.

Kaka Bajaji
Shemeji yangu alianza 2016. Mara tatu kwa wiki. Tuliuza bajaji mbili, kikafuata kiwanja cha mama. Jipangeni.

Nesi wa Usiku
Figo za shemeji yako huenda zilichakaa taratibu. Hizi zimefeli ghafla. Korona ikikaza, oksijeni na presha hushuka, damu huganda kwenye vimishipa vidogo, figo zinakosa damu. Wengi wanaopona huacha mashine baada ya siku au wiki kadhaa. Wapo wasioacha, sikufichi. Cha kuogopa leo ni potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo figo huyapunguza; ikipanda sana moyo husimama. Mdogo wangu, kabla ya kulazwa alitumia dawa gani?

Binti Fundi
Panadol na nyungu tu.

Nesi wa Usiku
Hebu kumbuka vizuri. Na sasa anakunywa nini ambacho daktari hajaandika?

Binti Fundi
Sawa. Mgongo ulimsumbua, akachomwa sindano za diklofenaki siku sita duka la dawa la mtaani. Na hapa wodini nampa dawa ya mizizi, naificha ndani ya uji. Msinishambulie. Mtaalamu huyo kaponya watu ninaowajua, nimeshamlipa laki na nusu, na gari la kumtoa mzee linakuja kesho saa 12 asubuhi. Anasema mashine ikianza, dawa yake haishiki.

Mpekuzi
Chai hii. Wodi ya korona ndugu haingii, wewe unampa uji saa ngapi? Mwisho tutawekewa namba ya mganga. Wasimamizi, fungeni.

Kaka Bajaji
Hata mimi nimeanza kunusa.

Binti Fundi
Sina namba ya kuweka. Siingii. Namkabidhi mhudumu getini saa 12 jioni, chupa nyekundu, jina la baba limeandikwa kwenye plasta. Jana ilirudi tupu, mfuniko una ukoko wa kahawia. Usiku baba kanitumia ujumbe: "Miguu imejaa, kandambili haziingii." Maisha yake yote kakanyaga cherehani kwa miguu hiyo.

Mpekuzi
Niwie radhi, dada.

Nesi wa Usiku
Sikiliza. Mwambie daktari sindano na mizizi leo hii. Anahitaji kujua asije akamwongezea dawa nyingine inayoumiza figo. Gari hilo halina oksijeni. Kwa 91 ya barakoa, njiani atakuwa anapumua nini?

Mkulima wa Mbarali
Laki na nusu isamehe.

Binti Fundi
Ni hela ya cherehani yake, niliiuza. Gari nimelisogeza hadi mchana, sijalifuta. Daktari wa zamu anapita saa 2 usiku. Mhudumu ananiita getini sasa, na chupa ya leo ninayo mkononi, bado ya moto.

Nesi wa Usiku
Usiitoe. Niko hapa, niandikie.