Visamaki vya birikani, maji ya chumvi au mavi ya punda: mwanangu achague lipi?

MamaWaLangoni
Asalaam aleikum jamaa. Mwanangu ana mashindano ya sayansi na mawazo matatu yamemganda kichwani. La kwanza, vile visamaki vya birikani (tangi la maji la kujengwa nyumbani) vya kula viluwiluwi vya mbu: vyafanya kazi kweli? La pili, sanduku la kioo la kugeuza maji ya kisima yenye chumvi yawe ya kunywa, kwa jua tu. La tatu, gesi ya kupikia ya mavi ya punda, maana hapa kwetu Lamu mavi hatuyakosi. Jumatatu apeleke jina la mradi. Lipi bora?

Fundi_Shela
Waaleikum salaam. Mama, hujasema yuko kidato gani, mashindano ni lini, yuko peke yake au na mwenzake, na mfukoni kuna ngapi. Hivi tutapiga ramli tu.

NahodhaMstaafu
Achaneni na hayo. Siku hizi ni roboti. Anunue Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa, atengeneze kengele ya kulia tangi likijaa.

Mwl_Kemia
Nahodha, kengele ya tangi nimeiona mara nyingi hata naweza kuifunga usingizini. Muamuzi hatafuti waya, atafuta swali lililopimwa. Mimi nasema visamaki. Ndoo 6 za maji yaleyale, viluwiluwi 20 kila ndoo. Tatu zitiwe kisamaki kimoja kimoja, tatu zisitiwe kitu. Ahesabu asubuhi na jioni, aandike. Na azifunike chandarua! Kwa joto letu, yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10, asije akawafugia majirani. Tena ana la kusema mbele ya meza: mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyowekwa nyumbani, ndiyo hayo ya birika. Ila aulize mapema masharti ya kutumia wanyama, samaki naye ana uti wa mgongo.

KijanaWaMpeketoni
Mavi ya punda? Ngojeni niwahadithie. Nikiwa kidato cha pili tulikuwa wawili, tuliyazoa kando ya gati siku tatu huku watu wakitucheka. Tukatia mtungi wa plastiki wa lita 20, tukafunga mpira, na mwisho wa mpira tyubu ya baiskeli ishike gesi. Siku ya nne tyubu ikafura. Shangwe! Tukawasha kiberiti, wapi. Kumbe gesi ya mwanzo huwa kabonidayoksaidi nyingi, hiyo haiwaki. Methane, ndiyo iwakayo, huja baadaye, huchukua wiki kadhaa, nasi wiki hatukuwa nazo. Tukaupakia mtungi kwenye boti kwenda Mokowe, bara, jua la saa sita, mtungi pembeni ya injini. Katikati ya mkondo kifuniko kikafyatuka. Palikuwa na bwana wa kanzu nyeupe aenda harusini. Siongezi. Tulifika mezani na mtungi nusu na harufu nzima, muamuzi akauliza swali moja: "Mmepima nini?" Hatukuwa tumepima hata joto. Baadaye ndipo nikajua punda hacheui kama ng'ombe, mavi yake ni nyuzi tupu, huoza polepole. Akishikilia hilo, achanganye na ya ng'ombe na aanze miezi miwili kabla.

BintiMkomani
😂😂 Yule bwana alifika harusini?

KijanaWaMpeketoni
Alirudi na boti ileile.

BintiMkomani
Kwani siku hizi nani ana birika? Yetu ilipasuka, tukaweka tangi la plastiki. Visamaki atavitoa wapi?

Fundi_Shela
Watu wa Mkomani bwana. Birika la chokaa mwaliziba kwa saruji, kisha mwalia limepasuka.

BintiMkomani
Nani kataja saruji? Soma kwanza, Fundi.

Fundi_Shela
Haya, yaishe. Kura yangu ni maji. Lamu twanywa maji ya vilima vya mchanga vya Shela, na kisima kikitekwa kupita kiasi chumvi hupanda. Achukue lita moja moja kutoka visima vitano, achemshe mpaka yakauke, apime uzito wa kilichobaki. Maji ya bahari huacha kama gramu 35. Hapo atajua chumvi ya kila kisima iko mbali kiasi gani na ya bahari.

Mwl_Kemia
Hapo umenigusa. Sanduku lenyewe ni la zamani, na la mita moja ya mraba ukipata lita 5 kwa siku una bahati. Visima ndivyo vipya. Bado nasema visamaki, lakini.

MamaWaLangoni
Samahanini, shughuli. Yuko kidato cha tatu, wako wawili, bado wiki 5 kabla ya ngazi ya kaunti ndogo, na nina shilingi 3,000 ambazo ndizo hizohizo za unga. Jana alipewa visamaki vinne na bibi yake, akaviweka ndooni uani. Asubuhi vimebaki viwili na paka ajilamba.

Mwl_Kemia
Chandarua, mama. Nilisema chandarua.

NahodhaMstaafu
Hapo sasa kengele ingefaa.

MamaWaLangoni
Yeye mwenyewe sasa asema apime paka 🤦🏾‍♀️

BintiMkomani
Huyo bibi yake yuko mtaa gani? Nataka vitatu vya kutia tangini.