Tupeane uzoefu: Tuliosafiri kutoka Tabora na Kigoma kwenda kutazama Safari Rally Naivasha

Ndugu wanachama, ninaanzisha uzi huu kwa sababu kila mwaka vijana wa hapa Tabora huchangishana nauli kwenda Naivasha, Kenya, kutazama mashindano ya magari ya Safari Rally, na wengi hurudi wakisema wameona vumbi na migongo ya watu tu. Safari ya siku mbili barabarani haistahili kuishia hivyo. Naomba kila aliyefika aeleze alichofanya mwenyewe, si alichosimuliwa.

Naanza mimi. Ni fundi magari, na nilirithi mapenzi haya kwa marehemu baba, aliyetengeneza Peugeot 504 na Datsun 160J katika miaka ambayo magari hayo yalikuwa yakishinda Safari. Nilikwenda Juni 2022, mwaka wa pili tangu mashindano yarudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Nilipita Nzega na Shinyanga, nikalala Mwanza, kisha nikavuka mpaka Sirari na kuendelea kwa Kisii, Kericho na Nakuru.

Siku ya Ijumaa niliipoteza. Tulikodi gari watu watano tukitaka kuona hatua tatu, yaani vipande vya barabara vinavyoshindaniwa, Loldia, Geothermal na Kedong, kwa siku moja, bila kujua kwamba barabara za mashindano hufungwa mapema sana kabla gari la kwanza halijapita. Tulizungushwa njia za pembeni mpaka jioni, tukaambulia magari mawili kwa mbali. Usiku ule mzee mmoja wa Nakuru tuliyekula naye alitueleza jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike: hatua nyingi hupitiwa mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa hiyo chagua hatua moja, fika kabla ya mapambazuko na ukae hapohapo.

Jumamosi tukafanya hivyo Elmenteita, juu ya kilima kinachotazama kona ya kulia na mteremko unaofuata. Asubuhi njia ilikuwa laini. Alasiri magari yalikuwa yamekwisha kuichimba, mawe yamefumuka, na kona ileile waliyoipita kwa kasi asubuhi sasa waliiingia kwa hadhari, kila dereva akitafuta mstari wake. Ukikaa sehemu moja ndipo unapotambua nani anaitunza gari na nani anaiumiza.

Jioni nilikwenda eneo la matengenezo mjini Naivasha, na kwangu hapo ndipo nauli yote ilipolipa. Mafundi hupewa dakika 45 tu. Nilisimama kwenye kamba, hatua chache kutoka kwenye gari lililoinuliwa, nikaona shokapu zikitolewa moja baada ya nyingine na kulazwa kwenye turubai zikiwa bado na tope, huku kila fundi akijua bolti yake na hakuna aliyemwuliza mwenzake spana iko wapi. Niliporudi gereji kwangu nilibadilisha namna ninavyopanga vifaa. Jumapili Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mshindi.

Mwanachama wa Ujiji:
Asante sana, fundi. Mimi ni mwalimu, nilikwenda na mume wangu Machi 2024, mashindano yalipoangukia wikiendi ya Pasaka. Tulipita Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, tukavuka kwa kivuko pale Busisi. Tuliozoea joto la ziwani tujue kwamba Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, na alfajiri baridi yake inaingia mifupani. Tangu mwaka huo mashindano yamehamishiwa Machi, mwanzo wa masika, kwa hiyo beba buti za mpira pamoja na kitambaa cha vumbi, maana utavihitaji vyote viwili siku moja. Khanga yangu ilikuwa barakoa asubuhi na mwavuli alasiri. Nyumba ya wageni tuliyoahidiwa kwa simu ilitupandishia bei tulipofika. Safari nyingine nitalipa mapema na kudai risiti.

Mwanachama wa Nzega:
Naongeza la usalama. Kabla ya washindani hupita magari ya kukagua njia yenye namba 000, 00 na 0. Wengi wakiona haya yamepita hudhani kuna nafasi ya kuvuka barabara. Hakuna. Subiri mpaka gari la kufunga njia lipite na wasimamizi waruhusu. Ukiona helikopta inakuja chini chini, jua gari liko karibu. Weka chakula chini na usimame imara.

Mwanachama wa Kasulu:
Naomba kuuliza, vumbi mnalikwepaje? Mdogo wangu alirudi na macho mekundu wiki nzima.

Mwanzisha uzi:
Mdogo wangu, vumbi la kule ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa, na likitimka huning'inia hewani kwa muda mrefu ikiwa upepo umetulia. Ukifika, okota vumbi kidogo, liachie kutoka mkononi uone linaelekea wapi, kisha simama upande upepo unakotoka. Kaa juu, upande wa ndani wa kona na mbali na ukingo, kwa sababu gari likipoteza njia mara nyingi huenda nje. Sisi tulifika saa kumi na moja alfajiri, tukapata jiwe kubwa la kuegemea nyuma yake, na hatukuliacha mpaka jua lilipoinama upande wa ziwa.