Je, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu? Namna vyombo vya habari vinavyosimulia mijadala ya dini shuleni

Mwalimu wa Mvita:
Wanajukwaa, hamjambo. Ninaandaa somo la uchambuzi wa habari kwa kidato cha tatu, na nimechagua kesi iliyohusu Shule ya Sekondari ya St. Paul's Kiwanjani huko Isiolo, Kenya. Nilipowauliza wanafunzi Mahakama ya Juu iliamua nini Januari 2019, karibu wote walijibu kwamba ilipiga marufuku hijabu, na wengine wakaongeza kwamba Wakristo ndio walioshinda, maneno ambayo bila shaka waliyaokota nyumbani. Nimeisoma hukumu yenyewe. Ninachokiona humo ni hoja ya utaratibu: kwamba ombi la kuwaruhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu halikuwa limewasilishwa ipasavyo katika Mahakama Kuu, kesi ilikoanzia, na kwa hiyo Mahakama ya Rufaa haikupaswa kulikubali mwaka 2016. Je, ni nini kinachofanya hoja ya aina hii ifike kwa msomaji ikiwa vita vya dini mbili?

Mhariri Mstaafu:
Mwalimu, nimekaa kwenye dawati la habari miaka mingi, hivyo nitaungama kabla sijalaumu. Hukumu ina kurasa nyingi, mwandishi amesimama nje ya mahakama na simu sikioni, na mhariri anadai sentensi moja kabla ya taarifa ya saa saba. Neno "utaratibu" halimsimamishi mpita njia mbele ya muuza magazeti. Neno "hijabu" linamsimamisha. Kisha hutafutwa askofu mmoja na shehe mmoja, kila mmoja akapewa sentensi mbili, na chumba cha habari kikajiridhisha kwamba kimetenda haki kwa pande zote. Usawa huo ndio unaopotosha, kwa kuwa mzozo kuhusu kanuni ya sare katika shule moja ya umma hugeuka kuwa mzozo wa waumini wa nchi nzima, ilhali wasichana wanaohusika hawasikiki popote. Tulikuwa tukijitetea kwamba ni watoto, hawafai kunukuliwa. Mara nyingi ulikuwa uvivu tu.

Wakili wa Kando:
Ninakubaliana nanyi kwa sehemu. Hukumu ya rufaa ilipotenguliwa, shule ilibaki na kanuni yake ya sare isiyoruhusu hijabu, kwa hiyo anayesema vichwa vya habari vilikuwa uongo mtupu anatia chumvi. Kosa lilikuwa kuikata habari katikati. Majaji walio wengi walieleza kwamba suala lenyewe ni zito kwa taifa, na kwamba lingestahili kufikishwa mbele yao siku nyingine kwa njia iliyo sahihi. Jaji Ojwang, kwa upande wake, alitofautiana na wenzake. Mlango uliachwa wazi, na msomaji akaambiwa umefungwa.

Tena, Mwalimu, usiisahau hukumu ya Septemba 2016. Majaji wa rufaa walijenga hoja nzito kwamba kanuni inayowatendea wote sawa kwa sura yake inaweza kuwabagua baadhi yao kwa matokeo yake. Hilo ndilo wazo ambalo kila mzazi, awe wa dini gani, angefaidika kulijadili, lakini ninachokumbuka katika habari za siku zile ni nani alishangilia na nani aliapa kukata rufaa.

Ustadh wa Kaskazini:
Wenzangu, nyote mnazungumzia siku za mahakamani pekee. Shule nyingi za umma nchini zilianzishwa na misheni, na serikali ilipochukua uendeshaji wake chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, makanisa yalibaki kuwa wafadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili jukumu la malezi ya kiroho, lakini papo hapo inataka imani za wengine zilindwe. Taarifa isiyotaja jambo hilo humwacha msomaji akijiuliza Kanisa la Methodisti, lililofungua kesi hii kama mfadhili, liliingiaje katika shule ambayo walimu wake hulipwa na serikali, na kila mtu hujaza pengo hilo kwa dhana yake: huyu ataona kanisa limevamia, yule ataona Waislamu wamekuja kuvuruga.

Katika shule moja niliyofundisha, somo la IRE, yaani elimu ya dini ya Kiislamu, lilikuwa kwenye ratiba kwa miaka bila mwalimu, na watoto Waislamu waliketi katika kipindi cha CRE, yaani elimu ya dini ya Kikristo, wakisubiri kengele. Hakuna mwandishi aliyefika. Siku waliyosusia masomo, magari matatu ya wanahabari yalikuwa langoni kabla ya adhuhuri, na swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa iwapo kuna aliyejeruhiwa.

Mwalimu wa Mvita:
Shukrani, Ustadh, nanyi wengine pia. Hoja ya wakili imenilazimu kubadilisha mpango, kwa sababu nilikuwa karibu kuwafundisha watoto kwamba magazeti yalidanganya, nami ningekuwa nimeikata habari katikati vilevile. Sasa nitawapa kwanza aya za mwisho za hukumu, niwaambie waandike kichwa cha habari cha maneno manane, kisha ndipo niwaonyeshe magazeti.

Mhariri Mstaafu:
Manane ni mengi, Mwalimu. Sisi tulipewa matano.