Ng'ombe wa Kiwangwa (kikundi cha ukoo, Bagamoyo)

Mjomba Shabani: Asalaam alaykum. Yule ng'ombe wangu mweusi kule Kiwangwa kafa. Jana jioni kala vizuri, alfajiri kijana kamkuta chini.

Idi: Inna lillahi

Mama Zuhura: Idi umenishtua! Nimeanza kusoma kwako, nikadhani mtu

Idi: Pole mjomba. Ngozi msitupe, nina oda za ngoma

Shangazi Mwanaidi: Shabani, ameshachunwa?

Mjomba Shabani: Bado. Majirani wamekuja na visu, wanangoja neno langu.

Shangazi Mwanaidi: ASIGUSWE. Kuna damu inatoka?

Mjomba Shabani: Puani na nyuma, nyeusi, haigandi. Tumbo limefura, lakini miguu haijakakamaa.

Shangazi Mwanaidi: Hiyo dalili ya kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaopata hata watu. Mpaka kipimo kitoke siapi, ila tufanye ndicho. Mkimpasua, wadudu wa ugonjwa wakipata hewa wanajifunga kwenye ganda, wanakaa ardhini miaka na miaka. Kiangazi nyasi zikiwa fupi ng'ombe wengine wanawala pamoja na udongo.

Baba Nasri: Shangazi, na ikichemshwa sana? Nyama yote hiyo jamani

Shangazi Mwanaidi: Moto wa sufuria usiutegemee kwa ganda lile. Na kabla ya sufuria kuna aliyechuna, aliyebeba, aliyekata. Mtu anatoka kidonda cheusi katikati, hakiumi, basi anakipuuza. Ukiila nyama ni mbaya kuliko hicho kidonda, inashambulia tumbo.

Bibi: (ujumbe wa sauti) Kibudu kimeanza lini kuliwa kwenye ukoo huu? Hata kimeta kisingekuwepo. Nasri, mwambie baba yako.

Idi: 😂😂 Bibi kamaliza. Ila ngozi hailiwi. Naipaka chumvi, naianika

Shangazi Mwanaidi: Wewe ndiye nakuogopea kuliko wala nyama. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma wa New York alilazwa kwa kimeta, ngozi alizitoa Afrika Magharibi. London, 2008, mwingine akafa. Vumbi la kukwangua manyoya linaingia mapafuni. Chumvi na jua haviui.

Idi: Duh

Mama Zuhura: Na wewe unakwangulia dirishani kwa Zuhura!!

Mjomba Shabani: Sasa nifanyeje, watu wamejaa

Shangazi Mwanaidi: Mwite bwana mifugo wa kata, siyo muuza dawa wa dukani. Mzoga uzungushiwe miiba, mbwa wasisogee. Usiburutwe, damu itachafua njia nzima. Achomwe mpaka majivu, au afukiwe palepale, shimo la mita 2 kwenda chini. Aliyemshika anawe kwa sabuni, aende zahanati leo aseme kashika mzoga. Dawa zipo, zinatibu ukiwahi.

Mjomba Shabani: Ng'ombe waliobaki niwachome sindano ya OTC (ile antibiotiki) na chanjo siku moja? Niokoe nauli ya daktari

Shangazi Mwanaidi: Hapana! Chanjo ya kimeta ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, OTC itaviua. Bwana mifugo atapanga kipi kianze. Watoe kwenye malisho yale, ila wasivuke shamba wala kuuzwa. Na chanjo ni kila mwaka, inatengenezwa hapo hapo Kibaha. Mwaka jana wenzio wakichanja wewe ulinunua spika.

Mjomba Shabani: Tuache spika. Bwana mifugo kapokea simu, anataka mafuta ya pikipiki.

Baba Nasri: Natuma elfu kumi

Idi: Mi naja kuchimba

Mama Zuhura: Kwanza zile ngozi za dirishani uzitoe

Idi: Dada, zile za mbuzi wa machinjioni, wamekaguliwa

Mama Zuhura: Uzitoe.