Kuwaka, kuwasha, kuwashwa: ngozi na taa zinatumiaje kitenzi kimoja?

Mhariri wa Zamu
Wakuu, nahariri kijitabu cha afya ya ngozi. Mwandishi kaweka "ngozi inawaka" ukurasa mmoja na "ngozi inawasha" ukurasa wa pili, kana kwamba ni kitu kimoja. Niziache? Na "nawashwa" inakaaje, ilhali taa nayo "imewashwa"?

Kishazi
Usiziache, ndugu. Mzizi ni -waka: kitu chenyewe kinatoa moto au mwanga. Ukikifanya kiwake, k inageuka sh, kama chemka/chemsha na anguka/angusha. Taa inawaka, mtu anaiwasha, basi imewashwa.

Kwenye ngozi ndipo pa kuwa makini. "Inawasha" ni hali ya kutaka kujikuna, na nomino yake ni mwasho (wengine huandika muwasho). "Inawaka moto" ni joto na maumivu ya kuungua. Mwenye upele anawashwa. Aliyemwagikiwa maji ya moto, ngozi yake inawaka moto. Ukizichanganya, mgonjwa atakwenda kueleza dalili isiyo yake.

Tazama pia viambishi: upupu unaniwasha, au nawashwa na upupu. Ukiandika "nawasha" tupu, msomaji atauliza unawasha nini.

Mnyambulisho
Nyongeza kwa wanaoandika maelekezo ya vifaa: "jiko haliwaki" na "jiko haliwashiki" hazilingani. La kwanza linasema tu kwamba moto haupo. La pili linasema mtu anajaribu kuliwasha na linagoma, na hilo ndilo fundi anataka kujua.

Chakula kilichoshika chini ya sufuria hakijawaka, kimeungua. Nyumba inawaka moto wakati ndimi zinaonekana, imeungua moto ukishaila, imeteketea ikibaki majivu.

Kwa hasira, "aliwaka" ni alipandwa na hasira. "Alimwakia" ni alimfokea mtu. Usiandike "alimwashia" hapo, maana itabidi useme alimwashia taa au nini.

Mhariri wa Zamu
Shukrani sana, narekebisha kurasa zote mbili. Na mwashi wa nyumba, naye anatoka humu?

Kishazi
Hapana, huyo ana mzizi wake: -aka, kujenga kwa mawe. Zinafanana kwa sababu k hugeuka sh pia mbele ya -i ya mtenda: pika/mpishi, andika/mwandishi, aka/mwashi. Kazi yake ni uashi.