80,000 Ruaraka au 55,000 Karen, nami naishi Rongai: ungekuwa wewe ungechukua ipi?

Karani wa Stoo
Naombeni mawazo yenu. Mimi ni karani wa stoo, nafanya kazi Karen hapa Nairobi mwaka wa sita sasa, naishi Rongai. Asubuhi napanda gari hadi Galleria, nashuka, nachukua jingine hadi Karen. Dakika arobaini, shilingi mia. Mshahara ni 55,000 kabla ya makato. Wiki iliyopita nimepata ofa ya 80,000 Ruaraka, upande wa pili wa mji, karibu na Baba Dogo. Kazi ni ileile, na Jumamosi ni nusu siku kama hapa. Wanataka jibu Ijumaa. Nina mtoto wa miaka minne, tunaishi na dada wa kazi, na mama yangu kule Siaya ananitegemea. Aliyewahi kuvuka mji kila siku kwa ajili ya mshahara, ulijuta?

Mwana wa Thika Road
Saini leo. Elfu ishirini na tano haziokotwi barabarani. Mimi naamka saa kumi na nusu alfajiri mwaka wa nane sasa na watoto wangu wanasoma. Ukishafika tao, katikati ya mji, Ruaraka si mbali, Thika Road ni njia nane tangu 2012. Shida yako ni Rongai. Na Rongai si Nairobi, iko kaunti ya Kajiado.

Jirani wa Nkoroi
Kila mjadala lazima mtu atukumbushe Kajiado! Nani hajui? Tunalala Kajiado, jasho letu linamwagika Nairobi. Jibu swali uliloulizwa.

Hesabu Zangu
Tuache kaunti, tushike kalamu. Ile 25,000 haifiki mkononi. Toa NSSF, toa bima ya afya 2.75%, toa ushuru wa nyumba 1.5%, kisha kinachobaki kinakatwa kodi 30% kwa sababu ulishapita 32,333. Unabaki na kama elfu kumi na sita.

Sasa nauli. Asubuhi Rongai hadi tao weka 150, tao hadi Ruaraka 70, jioni vilevile. Ni 440 kwa siku, na leo unatumia 200. Kwa siku 26 umeongeza 6,240. Zimebaki 9,760.

Sasa saa. Kama safari itakuwa saa mbili kwenda na mbili kurudi, umeongeza saa mbili na dakika arobaini kila siku, karibu saa 69 kwa mwezi. Gawanya. Kila saa ya barabarani unalipwa kama shilingi 140. Kwa kazi yako ya sasa, ukishakatwa, saa moja inakupa kama 219. Mimi singesaini.

Mwana wa Thika Road
Hesabu nzuri kwa mtu aliyeshiba. Huyo mama wa Siaya ukimtumia saa 69 atazipika? Elfu tisa ni elfu tisa. Isitoshe, safari ijayo akiomba kazi ataanza kuongea kutoka 80, si kutoka 55. Hilo hujaliweka kwenye kalamu yako.

Hesabu Zangu
Hilo la mwisho nakubali. La kushiba sikubali. Nimepanga bedsita Githurai miaka kumi, usiniambie nimeshiba.

Mzee wa Kiserian
Nimesoma yote na hakuna aliyesema ukweli. Mwanamke mwenye mtoto wa miaka minne mahali pake pa kazi ni karibu na nyumbani. Amepewa Karen, dakika arobaini, ashukuru. Hayo mengine ni tamaa. Mtoto atalelewa na msichana wa kazi, kesho tuulize kwa nini vijana wameharibika.

Karani wa Stoo
Mzee, kwa heshima zote. Tamaa ni ya nani? Baba wa mtoto hatumi hata ya maziwa. Nikikosa hiyo hela, dawa za presha za mama zinanunuliwa na nani? Nilikuja kuuliza habari ya barabara, sikuja kuitwa mwenye tamaa.

Jirani wa Nkoroi
Mzee aombe radhi. Mwanamume akifanya kazi Mombasa familia ikabaki Nairobi, mnamsifu ni mpambanaji. Mama akivuka Uhuru Highway tu, ni tamaa.

Mzee wa Kiserian
Siombi radhi kwa kusema kuhusu mtoto. Nilifanya kazi Industrial Area miaka ishirini na mbili. Nilikuwa natoka wanangu wamelala, narudi wamelala. Leo wamekuwa watu wazima, wananisalimia vizuri, na wakiwa na shida wanampigia mama yao. Ndiyo maana nasema.

Nesi wa Zamu
Baba, ungeanza na hilo tungekusikia. Ulianza na "mwanamke".

Kondakta wa 125
Mimi niko kwenye hii barabara ya Rongai kila siku, acheni niseme ninachokijua. Gari likipita Galleria kabla ya saa kumi na mbili kasoro robo, Lang'ata Road yote unateleza. Likichelewa robo saa tu, pale Bomas mnakaa mkihesabu miti. Asubuhi ataiweza akiamka. Jioni ndiyo mbaya, kwa sababu ataingia tao kila mtu akitoka. Kutoka steji za Thika Road hadi Railways, kwenye magari ya Rongai, atatembea, na Railways atakuta laini ya watu.

Mwana wa Thika Road
Na mvua ikinyesha mnaifanya 150 kuwa 300. Sema na hilo pia. Michuki, yule waziri wa uchukuzi, aliwanyoosha 2003, alipoondoka mkarudia yenu.

Kondakta wa 125
Kanuni zilitangazwa 2003, zikaanza kufanya kazi Februari 2004, nami nilikuwepo, tulifunga mikanda na kupaka mstari wa njano. Hazikuhusu nauli. Mvua ikinyesha, gari lililokuwa lifanye safari tatu jioni linafanya moja. Mafuta yanachomeka likiwa limesimama, na mwenye gari anataka hesabu yake ileile saa nne usiku. Sisemi ni haki kwa abiria. Nasema pesa hiyo haibaki kwangu.

Jirani wa Nkoroi
Walitujengea Expressway kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, 2022, nasi wa Magadi Road, barabara ya Rongai, tukabaki kuitazama. Reli mpya ina stesheni yenye jina la Ongata Rongai tangu 2019, lakini njia hiyo inaishia kituo kikuu cha Syokimau, si tao. Mtu wa Ruaraka itamsaidia nini?

Nilikuwa Dada
Nimesoma "msichana wa kazi" na "vijana wameharibika" nikaweka simu chini, nikairudia. Nilikuwa dada wa kazi Kasarani miaka mitano. Yule mtoto alitembea mara ya kwanza akija kwangu, kutoka kwenye kiti hadi mlango wa jikoni, na mamake nikamwonyesha kwa simu akalia akiwa ndani ya matatu. Sikumharibu. Yuko gredi ya saba, bado ananiita Anti.

Nisemalo ni jingine. Mama huyo alipobadilisha kazi akaanza kurudi saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili, mshahara wake ulipanda. Wangu ulibaki palepale. Zile saa tatu nilizifanya mimi. Karani, ukienda Ruaraka, dada wako naye amebadilisha kazi. Umemwambia?

Hesabu Zangu
Nimeona aibu kidogo. Niligawanya saa za mtu mmoja, na nyumba hiyo ina wawili wanaofanya kazi. Kuanzia Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kilipanda hadi 16,113 na senti. Ukimwongeza hata elfu tatu, ile 9,760 inakuwa 6,760.

Mwana wa Thika Road
Hicho ni cha Nairobi. Nje ya miji mikubwa viwango ni vya chini. Mnataka kumtisha mama wa watu.

Jirani wa Nkoroi
Kumbe hapo ndipo "Rongai si Nairobi" ilikuwa inaelekea! Tukitaka barabara sisi ni Kajiado, dada akitaka mshahara sisi ni Kajiado. Unga wa Rongai una bei ya nchi gani?

Mwana wa Thika Road
Sikumaanisha hivyo. Nimesema sheria ilivyo.

Nilikuwa Dada
Sheria ya kazi nayo inasema kila siku saba mfanyakazi apate walau moja ya kupumzika. Wangapi hapa wanaiheshimu? Mimi nilipewa Jumapili kuanzia kanisani, nikirudi saa kumi sufuria zinaningoja.

Nesi wa Zamu
Wangu anapumzika Jumapili nzima. Nikiwa zamu, dadangu anakuja. Lakini miaka miwili ya kwanza sikufanya hivyo, na sikuona kosa.

Mzee wa Kiserian
Nilisema vibaya juu ya wasichana hao. Kwetu alikuwepo mmoja, alikaa miaka tisa. Sijui yuko wapi.

Karani wa Stoo
Jana niliomba ruhusa kazini nikaifanya safari yenyewe, maana maneno hayatoshi. Nimetoka saa kumi na moja na dakika ishirini, nimefika lango la Baba Dogo saa moja na dakika kumi. Hapo sikuona ubaya. Jioni nimengoja pale hadi saa kumi na moja, saa yao ya kutoka, nikaanza kurudi. Kumenyesha. Railways nimesimama dakika hamsini, nauli 250. Nimefungua mlango saa tatu kasorobo. Mtoto amelala kwenye kochi na kiatu kimoja mguuni, kile kingine amekishika, amekataa kuvuliwa mpaka nije. Dada ameketi sakafuni kando yake na sahani yake imefunikwa. Nimemuuliza mbona hajala. Akasema alikuwa anasubiri mikono iwe huru.

Leo nimewaandikia wale wa Ruaraka: naweza kuja kama nitaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi. Gari la saa kumi na moja kasoro asubuhi nitalipata, na jioni nitatangulia jamu. Wakikataa, nabaki Karen, na nitaomba nyongeza hapahapa nikiwa na barua yao mkononi.

Kondakta wa 125
Ukitoka saa kumi kamili, saa kumi na mbili uko Rongai siku isiyo na mvua. Ya mvua siahidi.

Mwana wa Thika Road
Hapo umefikiria. Lakini wakikataa usiiachie hiyo 80 haraka. Hamia Roysambu.

Karani wa Stoo
Shule ya mtoto, chama, kanisa, vyote viko Rongai. Na dipositi ya nyumba mpya itoke wapi mwezi huu?

Nilikuwa Dada
Na dada?

Karani wa Stoo
Tumeongea leo asubuhi kabla sijatoka. Nikienda Ruaraka, elfu tatu zaidi. Nisipoenda, bado Jumapili ni yake kuanzia Jumamosi jioni. Ameuliza kama anaweza kwenda kwa shangazi yake Kawangware akalala huko. Sikuwa najua ana shangazi Kawangware.